Faini ya Mbwa wa Mtu

Nadhani maneno ya Kiswahili yanayosomwa zaidi kwenye barabara ya bichi kule Diani ni mawili tu: Mbwa Mkali. Yako kwenye mageti ya mbao na ya chuma. Mengine yamewekewa picha ya kichwa chenye meno, mengine yamepauka hadi huwezi kujua kama mbwa mwenyewe bado yu hai. Mabango yaliyobaki, yale ya saa za kuogelea na ya tumbili wasilishwe, yameandikwa Kiingereza, na baadhi Kijerumani. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi ndani ya mageti hayo huambiwa jambo moja kwa lugha yake, kwamba ataumwa. Mengine anaambiwa akishashikwa.

Ndivyo mjomba wangu alivyokuja kujua kwamba kuna kanuni namba kumi na moja.

Mjomba anatunza nyumba ya mama mmoja Mjerumani, mwaka wa tisa sasa. Mama huyo huja Desemba na kuondoka Machi kabla mvua za masika hazijaanza. Miezi iliyobaki nyumba ni ya mjomba kuifagia, na mbwa, jibwa moja la rangi ya mchanga linaloitwa Bruno, ni la mjomba kwa kila kitu isipokuwa kwenye karatasi. Nyumba yenyewe imo ndani ya ua mmoja na nyumba nyingine kumi na kitu. Wenye nyumba wana kamati yao, na kamati ina kanuni. Sitaitaja hapa, maana mjomba bado anaingia kwa geti lile kila asubuhi.

Mwezi wa tano mwaka jana alipewa barua ya ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu, na picha imebanwa nyuma kwa steplo. Faini shilingi 5,000 kwa kumwachilia mbwa bila kamba. Barua iliandikiwa mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba alikuwa kwao Ulaya, na ajenti anayelipa mshahara wa mjomba akaona njia fupi: akakata 2,500 mwisho wa Mei, akasema nusu iliyobaki itatoka Juni. Mshahara wa mjomba ni 15,000.

Mie kazi yangu ni kupiga chapa na kutoa kopi, Ukunda, karibu na stendi. Watu huniletea barua zao: za ploti zilizouzwa mara mbili, za karo, za mume aliyekwenda Qatar akanyamaza. Nimeziandika nyingi hadi nazijua kwa mwanzo wake. Barua ya mtu asiye na uwezo huanza kwa kuomba radhi kabla hata hajasema amefanyiwa nini. Mjomba alipoketi kwenye kile kiti cha plastiki na kunikabidhi ile karatasi, vidole vyangu vilikwisha anza kuchapa "Naomba msamaha kwa yaliyotokea". Akaweka mkono juu ya kibodi.

"Hapana, mwanangu. Andika mbwa alikuwa majini."

Nikamwambia sielewi.

"Mbwa hakuwa kwao. Alikuwa baharini. Itazame hiyo picha."

Kwetu Wadigo, ambao zamani ukoo ulihesabiwa upande wa mama na mpwa ndiye aliyemrithi mjomba, huwezi kumwambia mjomba akuachie karatasi arudi kesho. Nikaitazama picha. Bruno anakimbia, masikio yamelala nyuma. Chini yake mchanga una mikunjo kama ya kanga isiyopigwa pasi, na vidimbwi vidogo vinavyong'aa. Nyuma ya mbwa kuna ngalawa imelala ubavu. Pembeni kabisa, amekatwa nusu na ukingo wa picha, yupo mjomba, suruali imekunjwa hadi magotini. Saa iliyoandikwa kwenye kona ni tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi.

"Siku hiyo mwezi ulikuwa wa kumi na sita," akasema. "Bamvua. Saa nne na nusu ndio mwisho wa kupwa. Hapo tuliposimama, jioni yake mtu angezama."

Mjomba alivua samaki kabla ya kutunza nyumba, na anahesabu tarehe kwa mwezi wa mbinguni. Mtu wa Pwani yetu anajua kwamba siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na jioni na kupwa katikati ya asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Nilifungua jedwali la maji la Kilindini kwenye simu kuhakikisha. Alikosea kwa dakika kumi hivi. Tofauti ya kujaa na kupwa siku kama hiyo hupita mita tatu, na kwa kuwa ufuo wa Diani ni wa mteremko mdogo, bahari inaporudi nyuma huacha uwanja mpana wa mchanga mbichi hadi karibu na mwamba.

Uwanja huo una mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inapoorodhesha ardhi ya umma, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ukiwa na hatimiliki ya ploti ya bichi, hata iwe ya ekari kumi, mpaka wako unaishia maji yanapofika. Wavuvi wanalijua hili bila kusoma Katiba, kwa sababu ndilo linalowapa njia ya kwenda na kurudi kwenye diko wakati vichochoro vingi vya zamani vimeshawekewa ukuta. Ni kipande cha Diani kinachobaki chetu sote kwa saa chache, kisha bahari inakichukua.

Basi nikaandika: mbwa alikuwa kwenye ardhi ya umma, nje ya mamlaka ya kamati. Nikaambatanisha jedwali la maji. Nilijisikia wakili.

Lakini nitakuwa mwongo nikiliacha hapo, kana kwamba kanuni ya kamba ni uonevu wa wenye nyumba tu. Si uonevu. Diani ni mojawapo ya mahali pachache Kenya ambapo mbega wale weusi wenye mabega meupe bado wanaishi, kwenye vipande vya msitu vilivyobaki katikati ya mahoteli. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza hapo 1997, limewatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara ili wasigongwe na magari. Magari na nyaya za umeme ndizo zinazosemwa sana, lakini mbwa naye yumo kwenye orodha ya wauaji. Tumbili anayeshuka chini kuokota embe hana mbio za kumshinda mbwa. Kasa nao hutaga ufuoni usiku, na mbwa akishajua harufu ya yale mayai, hafukui mara moja akaacha.

Halafu kuna kichaa cha mbwa, jambo ambalo halina mzaha. Kenya ugonjwa huu umeandikwa tangu 1912, kwa mbwa aliyekutwa karibu na Nairobi, na hadi leo watu wanaokufa nao karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikishatokea hakuna dawa. Serikali ilitoa mpango wa kuumaliza kwa binadamu, wa kuanzia 2014 hadi 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa angalau asilimia 70 kila mwaka. Kamba si chanjo, lakini mbwa aliyefungwa hakutani na mbwa asiyejulikana. Mjomba analijua hilo kuliko kamati. Kadi ya chanjo ya Bruno huiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake mwenyewe.

Tena, kulikuwa na mtoto. Barua haikumtaja, ila mjomba alinieleza bila kuulizwa. Mtoto wa wageni wa nyumba ya tatu, wa miaka minne mitano, alikuwa anachezea vidimbwi. Bruno akamkimbilia, akamzunguka, akampiga mkia. Hakumgusa kwa meno. Mtoto alilia mno, na mama yake alikasirika, ana haki. Jioni ile mjomba alikwenda kubisha kwao na madafu mawili akaomba radhi. Mama akayapokea. Kwa mjomba, jambo la mtoto lilimalizika hapo baina ya watu wawili wazima, na lile la faini ni jingine. Nilimuuliza kama nimwandike mtoto kwenye barua. Akasema mwandike, wasije wakaniona naficha.

Kwa nini basi alimfungua? Hili nililijua nusu, na nusu nyingine alinieleza siku hiyo, mteja wangu wa pili akiwa amesimama mlangoni na cheti cha kuzaliwa mkononi. Mjomba ni mtu wa swala tano. Ijumaa huswali msikiti wa Kongo, ule mkongwe pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Kwa Shafii, ambayo ndiyo madhehebu yetu Pwani, mbwa ni najisi nzito. Ukiguswa na unyevu wake unaosha mara saba, moja kwa udongo. Kwenye stoo ya ile nyumba mjomba ana msumari wake wa nguo safi na kopo lake la udongo. Bruno akiwa mkavu, na kamba kavu, hakuna shida. Tatizo ni bahari. Mbwa akitoka majini anajikung'uta, na aliyeshika upande wa pili wa kamba ndiye anayeoga. Kwa hiyo wakifika kwenye maji mjomba humfungua, akajikung'utie mbali, kisha humfunga tena akishakauka upepo.

"Kuna watu wananiuliza mie na mbwa wapi na wapi," alisema. "Nawaambia mbwa yumo kwenye Suratul Kahf, tunamsoma kila Ijumaa. Alilinda watu wema. Na mie analinda kazi yangu."

Nimewahi kusikia mashehe wakilijadili jambo hili kwa saa nzima bila kufika alipofika mjomba na lile kopo la udongo.

Jumamosi ya kwanza ya Juni tuliitwa. Kamati ilikaa barazani kwa mmoja wao, watu watano, na chai. Mwenyekiti ni mzee mstaafu kutoka Nairobi, mpole, anayependa kuanza sentensi kwa "Kwa kweli". Aliniuliza mie ni nani. Nikasema mpwa wake. Akaandika.

"Kwa kweli, mzee, sisi hatuna shida na wewe."

"Kama hamna shida na mie," mjomba akasema, "elfu mbili na mia tano zangu ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba sehemu ya bahari, niliyoionea fahari, haikuwa ndiyo yenye nguvu. Mwenyekiti alilisoma jedwali la maji kwa makini, akakubali kwamba mchanga ule ni wa umma, kisha akasema kanuni ya kumi na moja inasema mbwa afungwe wakati wote akiwa nje ya nyumba, si ndani ya ua tu. "Na huyo mbwa," akaongeza, "hakushuka na parachuti." Watu wakacheka. Hata mjomba alicheka.

Na kusema haki, alikuwa na hoja. Watu wakikubaliana kwa saini kwamba mbwa wao watafungwa kila mahali, makubaliano hayo yanawafuata hata baharini. Ila yanawafuata wao. Mjomba hakusaini kanuni yoyote; si mwanachama, hana nyumba humo. Kamati haina hakimu ndani yake. Inachoita faini ni ada waliyokubaliana kutozana wenyewe kwa wenyewe. Leseni za mbwa, kwa Katiba hiyohiyo, Jedwali la Nne, ni kazi ya kaunti, na kosa la kisheria humpeleka mtu mahakamani, ambako angeulizwa maneno yake kabla ya kutozwa. Mjomba alitozwa kwanza, akaulizwa baadaye.

Kisha nikasoma kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu hicho kinaorodhesha makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara: siku ambazo mtu hakuja kazini bila ruhusa, mali ya mwajiri iliyoharibiwa kwa makusudi, fedha zilizolipwa zaidi kimakosa, mkopo, yaliyoamriwa na sheria au mahakama, na kadhalika. Nilikuwa nimepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Ada ya majirani kwa ajili ya mbwa wa mwajiri haimo. Ajenti, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni akijifanya anasoma simu, akasema mzee alikubali kwa mdomo. Mjomba akamtazama tu. Ajenti akarudi kwenye simu.

Ikabaki ile ya parachuti. Walimwita mlinzi aliyepiga picha, kijana wa upande wa Msambweni, mwezi wa pili kazini. Alisimama mikono nyuma. Mwenyekiti akamuuliza kama mbwa alikuwa amefungwa aliposhuka ngazi. Nilimwonea huruma, kila jibu lilikuwa na mtu wa kukasirika. Akameza mate, akasema: "Kwa ngazi alikuwa na kamba. Mzee alimfungua kule chini, maji yanapoanza. Kamba iko mkononi mwake, hata kwa picha inaonekana."

Tukaivuta picha kwenye simu yake. Ni kweli. Kwenye ile nusu ya mjomba iliyokatwa na ukingo, ngumi yake ya kushoto imefumbata kamba iliyokunjwa vizuri kama ya nanga. Mwezi mzima tuliitazama ile picha na sote tulikuwa tunamtazama mbwa.

Jioni hiyo mwenye mbwa alipiga simu. Alikuwa amesikia kwa ajenti. Alicheka, akasema pole sana, atalipa hizo elfu tano yeye mwenyewe, mara moja, jambo limekwisha. Mie nilishukuru Mungu. Mjomba akamwambia kwa Kijerumani chake cha kuokoteza kwamba asilipe bado. Nilitoka nje nikamuuliza kulikoni, hela imepatikana.

"Akilipa, nimekosa," akasema. "Wataandika faini imelipwa. Jina ni langu kwenye ile karatasi."

Anayemjua mtu wa kazi za nyumba Diani ataelewa. Hakuna cheti cha kutunza nyumba. Kuna jina, na jina hilo huulizwa kwa simu kati ya ajenti na ajenti: yule mzee vipi, hana maneno? Faili yenye neno moja baya humfuata mtu kutoka Tiwi hadi Shimoni. Mama Mjerumani ana miaka sabini na sita. Siku nyumba itakapouzwa, mjomba ataondoka na msumari wake wa nguo na hicho kitakachosemwa kwenye simu. Nikatazama zile 5,000 upya. Kwake zilikuwa theluthi ya mshahara, na bado hazikuwa ndicho kitu kikubwa kwenye ile barua.

Mbwa koko wa Ukunda, nisisahau kuwataja, wanalala katikati ya stendi na hakuna aliyewahi kuandikiwa barua kwa ajili yao. Bruno ana mkanda wa shingoni wenye namba ya simu. Ukiwa na namba unapatikana, na ukipatikana unatozwa. Sisemi hii ni hoja ya kisheria. Niliiandika kwenye rasimu ya pili, nikaifuta.

Juni hiyohiyo, tarehe 19, simu ya mjomba ililia: M-Pesa, 2,500, kutoka kwa ajenti, bila neno. Kato la pili halikufanyika. Wiki mbili baadaye bango jipya likabandikwa juu ya ngazi za kushukia baharini, na chini ya Kiingereza kuna mstari wa Kiswahili: Tafadhali mbwa afungwe kamba. Herufi zimepakwa vizuri. Mjomba alilisoma akasema angalau sasa wametwambia.

Na anaitii. Amenunua mita kumi na tano za kamba ya manila kwenye duka la vifaa vya uvuvi, akaifunga kwenye ule mkanda. Bruno huingia majini nayo, anaogelea, anatoka, anajikung'uta mita kumi na tano mbali. Wageni huwapiga picha. Kijana mlinzi naye, siku za bamvua, hushuka kumsaidia kuikunja.

Barua ya kuondoa jina lake kwenye faili haijaja. Tumeandika mara mbili. Mwenyekiti alisema kwa mdomo kwamba jambo limefungwa, hakuna haja ya karatasi, sisi ni majirani. Jumatatu nilichapa ya tatu. Mjomba aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, akaniambia nitoe "kwa heshima kubwa" moja, kwa sababu zilikuwa mbili, na akalipa kopi tatu kama mteja mwingine yeyote.